Tuliopima Mawe ya Angani

Februari 2025 simu yangu haikupumzika. Ujumbe mmoja wa sauti ulikuwa ukihama kutoka kundi la WhatsApp la ukoo kwenda la kwaya, kutoka la kwaya kwenda la walimu, ukitangaza kwamba jiwe kutoka angani litaipiga dunia tarehe 22 Desemba 2032, na kwamba wakubwa wa dunia wanalijua na wanalificha. Msemaji hakujitaja jina. Alikuwa na sauti nzito ya mtu aliyezoea mimbari, na alichanganya ukweli na chumvi kwa ustadi ambao sina budi kuusifu. Jiwe lilikuwepo kweli. Linaitwa 2024 YR4, na liligunduliwa tarehe 27 Desemba 2024 na darubini ya mradi wa ATLAS iliyoko Río Hurtado, nchini Chile. Tarehe aliyoitaja ilikuwa sahihi. Hata uwezekano wa kugonga ulikuwepo. Uongo ulikuwa huo wa kuficha, maana hesabu za jiwe lile zilianikwa kwenye intaneti kila zilipobadilika, na yeyote mwenye bando angeweza kuzisoma.

Shangazi yangu anayeishi Mlowo alinipigia usiku. Nilimwamkia, akaitikia haraka haraka, kisha akaingia moja kwa moja: "Mwanangu, si wewe uliyekuwa unatafuta hayo mawe na watoto wa shule? Mbona hili hukutuambia?"

Kilichomtisha zaidi ni kwamba namba ilikuwa inapanda. Mwishoni mwa Januari uwezekano wa kugonga ulivuka asilimia 1. Tarehe 18 Februari ulifika asilimia 3.1, kiwango ambacho hakuna jiwe la ukubwa ule lililowahi kukifikia. Sasa kama leo ni tatu, kesho si itakuwa kumi? Nikamwambia afikirie kijiji chenye watu mia moja na kuku mmoja aliyeibwa. Mwanzoni kila mtu ni mshukiwa, naye Juma ni mmoja katika mia. Kesho yake inathibitika kuwa watu sitini walikuwa matangani kijiji cha pili. Juma hajafanya lolote jipya, lakini sasa ni mmoja katika arobaini. Keshokutwa wanabaki kumi, na Juma anaanza kusemwa kisimani. Halafu anatokea shahidi: Juma naye alikuwa Mbeya siku hiyo, na tiketi ya basi anayo. Shaka yote inaanguka kwa mkupuo. Ndivyo ilivyokuwa kwa 2024 YR4. Kila kipimo kipya kilipunguza eneo ambalo jiwe lingeweza kupita mwaka 2032, na dunia ikaendelea kuwamo katika eneo lililobaki, mpaka vikaja vipimo vilivyoitoa. Kutoka ile asilimia 3.1 hadi chini ya asilimia 0.01 ilipita wiki moja hivi.

"Na hao wanaopima ni akina nani?" shangazi akauliza.

Nilimjibu kwa ufupi, maana salio lake lilikuwa linakwisha. Jibu refu linaanzia nyumbani kwetu.

Mimi ni mtoto wa Mbozi, na mtoto wa Mbozi hakui bila kupelekwa kukiona kimondo. Kiko Ndolezi, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi: pande la chuma lenye urefu wa mita tatu hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Wageni walianza kuandika habari zake mwaka 1930, wenyeji wakiwa wanakijua tangu zamani. Mwalimu wetu wa shule ya msingi alituamuru tukiguse mmoja mmoja kwa foleni. Kilikuwa cha baridi ingawa jua lilikuwa utosini, kina vishimo ambavyo kidole gumba cha mtoto kiliingia vizuri, na mahali fulani pana bapa laini palipokatwa kwa msumeno ili kuchukua sampuli. Nilikaa na kidole changu kwenye lile bapa hadi wenzangu wa nyuma wakanisukuma.

Kimondo kile hakina shahidi. Hakuna simulizi ya babu wa babu yeyote aliyekiona kikianguka. Nilikua nikidhani mambo ya mawe ya angani yako hivyo siku zote: jiwe linakuja lenyewe, siku isiyojulikana, na sisi tunalikuta tu limelala shambani.

Sudan ndiyo iliyonitoa kwenye fikra hiyo. Oktoba 2008 nilikuwa mwanafunzi Dar es Salaam, na kwenye chumba cha kompyuta cha chuo nikakutana na habari iliyonifanya nisahau zamu yangu ya kutumia mashine ilikuwa imeisha. Tarehe 6 mwezi ule Richard Kowalski, akiwa kwenye kituo cha Mount Lemmon huko Arizona, aliona asteroidi ndogo yenye upana wa mita nne hivi. Ikapewa jina 2008 TC3. Baada ya saa chache hesabu zikaonyesha kwamba ingeingia kwenye anga la dunia siku inayofuata, juu ya kaskazini mwa Sudan. Katika saa kama 19 tangu ionwe, vituo zaidi ya ishirini sehemu mbalimbali za dunia viliielekezea darubini na kupeleka vipimo zaidi ya 500. Vingi kati ya vituo hivyo havikuwa vya serikali wala vya vyuo vikuu. Vilikuwa vibanda nyuma ya nyumba za watu: walimu, wahandisi, wastaafu, wanaastronomia wa ridhaa wasiolipwa hata senti.

Jiwe likalipuka juu ya jangwa la Nubia tarehe 7, mahali palepale na saa ileile iliyotabiriwa. Desemba mwaka huohuo Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum na Peter Jenniskens kutoka Marekani wakawapeleka wanafunzi jangwani. Wakajipanga mstari mmoja mrefu, wakatembea macho yakiwa chini, wakaokota vipande vyeusi juu ya mchanga. Ilikuwa mara ya kwanza kwa binadamu kuliona jiwe likiwa bado angani, kutabiri litaangukia wapi, kisha kwenda kuliokota. Miaka kumi baadaye, Juni 2018, jambo hilo likajirudia Botswana kwa jiwe liitwalo 2018 LA, na vipande vyake vikapatikana Kalahari. Mara mbili hizo zote ni Afrika, na sikumbuki kuona gazeti letu hata moja likilipa jambo hilo ukurasa wa mbele.

Nilitaka kujua watu wa vibandani ni watu wa namna gani. Nikaanza kuandikiana barua pepe na mmoja wao, mzee wa Ulaya, fundi wa reli mstaafu, ambaye jina lake nalihifadhi kwa kuwa hakupenda kutajwa. Nilimwandikia kwa heshima zote nikimuuliza darubini yake ina ukubwa gani. Hakujibu swali hilo. Aliniuliza swali lake: saa ya kompyuta yako iko sahihi kwa kiasi gani?

Nilidhani anatania. Kumbe hapo ndipo penye kazi. Jiwe lililo karibu na dunia hukimbia kiasi kwamba sekunde mbili za uongo kwenye saa zinatosha kuliweka mahali pasipo pake, na kipimo chako kikawapotosha wenzako walioko bara jingine. Mtu mwenye darubini ya wastani na saa ya kweli anafaa kuliko mwenye darubini kubwa na saa ya kubahatisha. Mzee yule alinifundisha kusoma mstari wa kipimo, ambao kwa miongo mingi umekuwa wa herufi 80: kitambulisho cha jiwe, tarehe ikiwa na desimali za siku, mahali pake angani, mng'ao, na mwishoni herufi tatu za kituo kilichopima. Mistari hiyo hupelekwa Minor Planet Center, ofisi iliyoanzishwa mwaka 1947 na ambayo sasa iko Cambridge, Massachusetts. Hapo ndipo njia za mawe yote zinapowekwa hadharani. Ili upewe herufi zako tatu, sharti kwanza upime asteroidi zinazojulikana tayari, waone kama unajua kazi. Cheti cha chuo hawakuulizi.

Nilipomwambia mzee kwamba intaneti imefanya mambo makubwa, alinirekebisha. Mwaka 1800, akaandika, kule Lilienthal nchini Ujerumani, Franz Xaver von Zach na wenzake walikubaliana kuligawa eneo la anga linalopitwa na sayari katika vipande 24, kila mwanaastronomia apewe chake, wawasiliane kwa barua. Mmoja wa waliokusudiwa kualikwa alikuwa Giuseppe Piazzi wa Palermo. Kabla barua haijamfikia, usiku wa tarehe 1 Januari 1801, yeye akawa ameshaiona Ceres, asteroidi ya kwanza kujulikana. Kisha ikapotelea kwenye mwanga wa jua, na ilipatikana tena mwishoni mwa mwaka huo kwa sababu Carl Friedrich Gauss alikokotoa njia yake kutokana na vipimo vichache vya Piazzi. Mmoja aliona, wa pili akahesabu, wengine wakaitafuta tena. Mzee alisema hakuna kilichobadilika isipokuwa posta.

Mwaka 2021 nilikuwa nafundisha fizikia katika shule moja ya kata wilayani Rungwe. Wanaoijua Rungwe wanajua mvua ya kule hainyeshi, inakaa. Kuanzisha klabu ya falaki mahali kama pale, kama nilivyofanya, ni kichekesho, na wenzangu ofisini walicheka vya kutosha. Ila kuna mpango uitwao International Astronomical Search Collaboration, ulioanzishwa na Patrick Miller wa Chuo Kikuu cha Hardin-Simmons kule Texas, ambao hauhitaji anga lako liwe jeupe. Darubini ya Pan-STARRS, iliyo juu ya mlima Haleakalā huko Hawaii, hupiga picha. Picha hizo hugawiwa kwa timu za shule na za raia duniani kote, na timu hutafuta asteroidi kwa programu iitwayo Astrometrica, iliyoandikwa na Herbert Raab wa Austria. Hakuna ada.

Tulikuwa na laptopu yangu na mbili za kuazima. Picha nilizipakua usiku wa manane kwa bando la usiku, maana la mchana lingetumaliza. Luku ya maabara ilikuwa inanunuliwa kwa mchango, na mkuu wa shule, mama mmoja mkali lakini mwenye moyo, alituruhusu kubaki hadi saa kumi na mbili jioni kwa sharti kwamba madawati yarudi mahali pake.

Kazi yenyewe inaonekana ya kuchosha, na kwa kweli inachosha. Unapewa picha nne za kipande kilekile cha anga, zilizopigwa kwa kupishana dakika kadhaa. Programu inazilinganisha na kuzionyesha moja baada ya nyingine, mfululizo, bila kukoma. Nyota zinatulia. Kitu kinachosogea kati ya nyota kinaweza kuwa asteroidi, na kinaweza kuwa doa la kamera tu. Cha kweli kinakwenda mstari mnyoofu, kwa mwendo uleule, kwa mng'ao unaofanana katika picha zote nne. Asteroidi zinazojulikana programu inaziwekea alama, kwa hiyo unatafuta zile ambazo hazina alama, na mara nyingi ni hafifu kiasi cha kuumiza macho.

Siku moja binti wa kidato cha tatu, aliyekuwa ametafuna kifuniko cha kalamu hadi kikawa bapa, akasema: "Mwalimu, hapa kuna kitu kinatambaa." Wavulana wawili wakamsogelea, wakaangalia, wakasema ni doa. Hakubishana nao. Alisimamisha picha ya kwanza, akachukua rula yake ya plastiki, akaibandika kwenye kioo cha laptopu, akapima. Akaenda picha ya pili, ya tatu, ya nne. Nafasi kati ya nukta na nukta zilikuwa sawa, na zote zilikaa kwenye ukingo mmoja wa rula. Programu ingempa tarakimu hizo kwa kubofya mara moja. Yeye alitaka kujiridhisha kwanza kwa mkono wake, na nikamwacha.

Tuliripoti kadhaa. Majibu yalikuja kwa awamu. Nyingine zilikuwa doa kweli, nyingine zilikuwa zimeshajulikana, na ile ya rula ikaingizwa kwenye orodha ya ugunduzi wa awali. Nikawaeleza kwamba safari bado ndefu: lazima ionwe tena ndani ya siku chache ili ipewe kitambulisho cha muda, kisha ifuatiliwe miaka kadhaa hadi njia yake ijulikane barabara, ndipo ipewe namba ya kudumu na waliogundua waruhusiwe kupendekeza jina. Binti akakunja uso.

"Kwa hiyo hawatuamini?"

Nikamwambia hata Hawaii hawaaminiwi. Darubini ile ya mamilioni ya dola inapoona kitu kipya karibu na dunia, kitu hicho kinawekwa kwenye orodha ya kuthibitishwa, na watu wasiofahamiana, wa Japani, wa Italia, wa Brazili, wanakitafuta. Kisipoonwa na mwingine, hakihesabiwi. Alifikiri kidogo, akasema hiyo ni haki. Nimekaa vikao vingi vya wazazi, vya chama na vya kanisa, na ni mara chache nimesikia mtu mzima akipokea utaratibu wa kukaguliwa kwa utulivu namna ile.

Si wote waliotufurahia. Mwalimu mwenzangu mmoja, msomi, alisema tunawafanyia Wazungu kazi bure. Hoja yake si ya kupuuza. Picha ni zao, programu ni yao, na orodha kuu iko kwao. Lakini picha zilezile zilikuwa mezani kwetu, na kipimo cha Rungwe kilisomwa kwa vigezo vilevile vya kipimo cha Texas. Anayeona ni dhuluma, dawa yake ni kujenga darubini yetu, jambo ambalo nami nalitaka. Kujitoa kwenye meza hakutujengei darubini. Binti yule, kwa taarifa ya mwenzangu huyo, sasa anasomea uuguzi. Sioni hasara. Muuguzi anayepima mara ya pili kabla ya kuandika kwenye faili ndiye ninayemtaka siku nikilazwa.

Septemba 2022 nilikesha peke yangu. Chombo cha Marekani kiitwacho DART kilikuwa kinakwenda kujigongesha makusudi kwenye jiwe liitwalo Dimorphos, kuona kama njia ya jiwe inaweza kubadilishwa. Kwa saa zetu ilikuwa saa nane na dakika kumi na nne usiku, kuamkia tarehe 27. Nilitazama matangazo hadi picha ya mwisho ilipokatika. Njia ikabadilika kweli: Dimorphos, ambayo hulizunguka jiwe kubwa zaidi, ilipunguza muda wake wa kuzunguka kwa takribani dakika 33. Kilichonigusa nilikijua baadaye, katika makala iliyotoka kwenye jarida la Nature mwaka 2023. Darubini nne ndogo za raia zilikuwa zimenasa tukio hilo kabla, wakati na baada ya mgongano. Tatu zilikuwa kisiwani Réunion. Ya nne ilikuwa Nairobi. Usiku ule upande wa dunia ulioelekea Dimorphos ulikuwa wetu, na majirani zetu walikuwa macho, darubini ikiwa tayari.

Sasa watu huniuliza kama raia wana kazi iliyobaki. Juni 2025 kituo cha Vera Rubin huko Chile kilionyesha picha zake za kwanza, na katika saa kama kumi tu za kupiga picha kilikuwa kimepata asteroidi mpya 2,104. Hakuna rula ya plastiki inayoshindana na hilo. Maoni yangu ni kwamba enzi ya mtu wa ridhaa kugundua asteroidi nyingi mpya kwa darubini yake inafungwa, na hakuna sababu ya kuililia. Zipo kazi ambazo mashine kubwa haziwezi kuzimaliza. Jiwe likionwa leo lazima lifuatiliwe kesho kutoka longitudo nyingine, na Rubin iko mahali pamoja. Mwaka 2019 kometa ya kwanza kujulikana kuwa imetoka nje ya mfumo wetu wa jua, 2I/Borisov, iligunduliwa na Gennadiy Borisov kwa darubini ya sentimita 65 aliyoitengeneza mwenyewe. Na katika picha za chombo cha SOHO, kinachotazama jua tangu miaka ya 1990, zimepatikana kometa zaidi ya 5,000, nyingi zikionwa na watu waliokaa nyumbani mbele ya kompyuta.

Anga linalotazama Bahari ya Hindi lina wapimaji wachache mno. Lisilopimwa kwetu hupimwa saa kadhaa baadaye, Ulaya au Amerika, kama kule hakuna mawingu.

Kwa hiyo nina neno kwa walimu wenzangu. Usiku wa Ijumaa, tarehe 13 Aprili 2029, asteroidi Apophis, yenye upana wa mita 340 hivi, itapita kilomita kama 32,000 tu kutoka uso wa dunia, karibu zaidi kuliko setilaiti nyingi za televisheni. Haitatugonga, hilo limepimwa na kupimwa tena. Afrika ni miongoni mwa sehemu ambako itaonekana kwa macho matupu, ikienda polepole kati ya nyota, na Umoja wa Mataifa umeutangaza mwaka huo kuwa mwaka wa kimataifa wa kuelimishana juu ya asteroidi. Ujumbe wa sauti utazunguka tena, msiwe na shaka, na mzungumzaji atakuwa na sauti nzito. Mtoto aliye kidato cha kwanza leo anaweza kufika usiku ule akiwa ameshapima asteroidi kwa mkono wake. Sajilini timu za shule zenu mapema. Kinachotakiwa ni kompyuta yenye Windows, intaneti ya kupakulia picha, na mwalimu mmoja atakayekubali kubaki shuleni jioni.